Taa ya injini inayowaka na kuzimika: kutafuta chanzo kwenye pikapu ya dizeli hapa Goma

Taa ya injini ikiwaka na kubaki imewaka, kazi ya fundi ni nyepesi, kwa sababu hitilafu iko mbele yake na inaweza kupimwa. Ugumu huanza pale taa inapowaka dereva akiwa anapanda mwinuko wa Mushaki na mzigo, kisha siku ya pili anapofika garajini Ndosho imezimika, injini inaunguruma vizuri, moshi hauonekani, na kila aliyesimama hapo anaanza kukisia. Nimeona pikapu nyingi zikibadilishwa vipuri vya bei kubwa kwa kukisia namna hiyo, na baada ya wiki mbili mwenye gari akarudi na taa ileile.

Maelezo haya yanahusu pikapu za dizeli zenye mfumo wa komon reli, yaani zile ambazo pampu hujaza mazutu (mafuta ya dizeli) kwenye bomba moja la shinikizo kubwa, liitwalo reli, na kompyuta ya gari ndiyo inayoamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Hilux zenye injini za 2KD na 1KD ndizo ninazozishika zaidi, lakini njia ya kutafuta ni ileile kwa Ranger, D-Max au L200.

Kabla ya yote, usifute kumbukumbu

Taa kuzimika yenyewe si dalili kwamba gari limepona. Kompyuta huhesabu safari. Kwa hitilafu nyingi, mara ya kwanza inapoiona huiandika kama msimbo (namba ya hitilafu) unaosubiri na haiwashi taa. Ikijirudia katika safari inayofuata, ndipo taa huwaka. Safari tatu mfululizo zikipita bila hitilafu, taa huzimika, lakini msimbo hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate moto na kupoa kama mara 40 bila tatizo kurudi. Pamoja na msimbo huo, kompyuta huhifadhi picha ya hali ya gari katika dakika ile: mwendo, mizunguko ya injini, joto la maji, uzito wa kazi ambayo injini ilikuwa inafanya. Kwa hitilafu isiyoonekana garajini, picha hiyo ndiyo shahidi wetu.

Kwa sababu hiyo nawasihi madereva waache tabia ya kuchomoa terminali ya betri ili taa izimike. Ukichomoa betri, mara nyingi unafuta kila kitu kilichoandikwa, na fundi anabaki na gari lisilosema neno. Nawasihi vilevile mafundi wenzangu: kabla ya kubonyeza sehemu ya kufuta kwenye skana, yaani kifaa cha kusomea misimbo, andikeni kwenye karatasi misimbo yote, ile ya kudumu na ile inayosubiri, pamoja na picha yake, hata kama inaonekana haina maana. Skana ndogo ya kuunganisha na simu, inayochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, inatosha kwa misimbo ya jumla. Kwa ile ya kiwandani, ambayo mingi huanza na P1, na kwa kulinganisha shinikizo ambalo kompyuta imeagiza na lile lililopatikana kweli, utahitaji mashine kubwa zaidi.

Msimbo nao usomwe kwa uangalifu. P0087 husema kwamba shinikizo la reli lilikuwa chini ya lile lililoagizwa, basi. Hausemi kwamba pampu imekufa, ingawa wapo wanaousoma hivyo na kumtoza mtu bei ya pampu.

Maswali kwa dereva

Dereva mmoja mtu mzima, anayebeba unga na chumvi kwenda Masisi, aliniletea Hilux ambayo taa yake ilikuwa imesumbua kwa miezi. Nikamuuliza, "Papa, taa inawaka ukiwa wapi?" Akajibu, "Njiani." Nikaendelea, "Ukiwa unapanda ama unashuka? Ukiwa umepakia ama mtupu? Mazutu yanakuwa yamebaki kiasi gani?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kila mara ni baada ya Sake, wakiwa wamepakia, na kwamba gari hukosa nguvu mpaka analisimamisha, anazima injini, anangoja kama dakika kumi, halafu linaondoka kama halikuwa na kitu. Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko skana, na nitalirudia hapa chini.

Kwa hiyo dereva akae na daftari dogo garini. Aandike tarehe, mahali, kama alikuwa anapanda, kama mvua ilinyesha au gari lilioshwa, kiasi cha mazutu na alikoyanunua, na kama injini ilipoteza nguvu au taa iliwaka tu bila badiliko lolote. Sehemu zinazofuata nimezipanga kwa kufuata majibu hayo.

Taa inawaka ukipanda na mzigo, na gari linapoteza nguvu

Hapa mshukiwa wa kwanza ni njia ya mazutu, kuanzia tangini mpaka kwenye pampu. Injini ikiwa haijakanyagwa, reli huhitaji shinikizo la takriban baa 300 hadi 400 tu, na hata njia iliyoziba nusu inaweza kuzitosheleza. Ukikanyaga mpaka chini kwenye mwinuko, kompyuta huagiza zaidi ya baa 1,300, pampu huvuta mazutu mengi kwa ghafla, na hapo ndipo kizuizi kidogo hujionyesha. Msimbo unaotoka ni P0087 au, kwenye Toyota, pengine P0093, na kompyuta hupunguza nguvu ili kuilinda injini.

Anza na filta. Legeza kizibo cha chini mzunguko mmoja hivi, sukuma pampu ya mkono iliyo juu yake, na pokea kinachotoka kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani. Iache chupa isimame usiku mzima. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo asubuhi utayaona yametulia chini kama duara linalong'aa, na juu yake mazutu yenye rangi yake. Uchafu mweusi au wa kahawia hukaa kwenye mpaka wa hayo mawili. Hapa kwetu, ambapo sehemu kubwa ya mazutu hununuliwa kwa Kadhafi, yaani wauza mafuta wa kando ya barabara, na kupita kwenye bidoni (madumu) mbili tatu kabla ya kufika tangini, jaribio hili la chupa lifanywe kwa kila gari lenye tatizo la nguvu. Chupa haitakuonyesha mafuta ya taa yaliyochanganywa, kwa kuwa hayajitengi, na hayo huidhuru pampu kwa namna nyingine: pampu ya shinikizo kubwa hulainishwa na mazutu yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi vya kutosha. Mimi hubadilisha filta ya mazutu kila kilomita 10,000, hata pale kitabu cha gari kinaporuhusu zaidi.

Kama filta ni mpya na tatizo linabaki, usirukie pampu. Rudi nyuma, kwenye tangi. Unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu, na utazame gari likifanya kazi. Viputo vya hewa vinavyopita humo vinaonyesha kwamba njia inavuta hewa mahali fulani: klipu imelegea, mpira umepasuka, au bomba la chuma limetoboka kwa kutu au kwa kugongwa. Barabara zetu zimejengwa juu ya mawe ya volkano, na mawe yaliyoachwa na Nyiragongo mwaka 2002 na 2021 yana ncha zinazokata. Tangi lililogongwa chini linaweza kuwa limebonyea mpaka likakaribia mdomo wa bomba la kuvutia.

Gari la yule Papa lilikuwa limekwisha kubadilishwa filta, kihisi cha shinikizo la reli na vali ya pampu. Maneno yake kwamba gari hupona likizimwa kwa dakika kumi ndiyo yaliyonifanya niteremshe tangi. Kwenye chujio dogo la mdomo wa bomba tulikuta kipande cha mfuko wa plastiki, laini, chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, cheusi kwa mazutu. Wauzaji huweka plastiki chini ya mfuniko wa bidoni ili isivuje, nayo hukatika na kuingia tangini wakati wa kumimina. Injini ikivuta kwa nguvu, plastiki hufyonzwa na kuziba mdomo. Injini ikizimwa, huachia. Hakuna kipuri kipya ambacho kingeondoa hali hiyo.

Njia ya kuvuta ikiwa safi na haina hewa, ndipo uiangalie vali inayodhibiti uvutaji kwenye pampu, ambayo mafundi huiita SCV. Dalili yake hasa ni mizunguko inayopanda na kushuka gari likiwa limesimama, au injini kuzimika dereva anapoondoa mguu ghafla, zaidi ikiwa imepata moto. P0627 huelekeza kwenye umeme wa vali hiyo, na P1229 hueleza shinikizo lililozidi. Ukiibadilisha, kumbuka kwamba kwenye Toyota hizi kompyuta inapaswa kufundishwa upya kwa mashine, la sivyo injini itaendelea kuyumba na utadhani umeuziwa vali mbovu.

Mwisho wa njia hii ni nozeli. Pima mazutu yanayorudi kutoka kwenye kila moja kwa kutumia chupa nne zinazolingana. Moja ikijaa upesi kuliko nyingine, nozeli hiyo inavuja ndani na kuangusha shinikizo. Usilegeze kamwe bomba la shinikizo kubwa injini ikiwa inafanya kazi, kama tulivyozoea kwenye injini za zamani. Mazutu yanayotoka kwa baa mia kadhaa hupenya ngozi, na jeraha hilo, ambalo juu huonekana kama tundu la sindano, linaweza kumgharimu mtu mkono.

Taa inawaka baada ya mvua, baada ya kuoshwa, au ukipita kwenye mashimo

Hii ni habari ya waya, na kwa uzoefu wangu ndiyo inayosababisha taa nyingi za kuja na kwenda. Mtikisiko wa mawe hulegeza vibanio, kifungu cha waya huanza kusugua kwenye chuma, na baada ya miezi ganda la plastiki hulika. Tafuta mahali ambapo kifungu kinapinda: nyuma ya betri, juu ya kifuniko cha vali, karibu na bomba linalorudisha moshi, na pale kinapoingia kwenye ukuta wa chumba cha dereva. Pitisha vidole polepole, kwa taa nzuri. Unachokitafuta ni alama ndogo ya shaba inayong'aa, isiyozidi punje ya mchele, au vumbi jeusi lililong'arishwa kwa kusuguliwa.

Kisha washa injini, weka skana ionyeshe kihisi unachokishuku, na utikise waya zake kidogo kidogo, soketi moja baada ya nyingine. Namba ikiruka ukiwa umeshika mahali fulani, umefika. Skana ikionyesha misimbo mingi isiyo na uhusiano, kwa mfano ya kanyagio, ya shinikizo la reli na ya hewa kwa wakati mmoja, usifikiri kwamba vihisi vitatu vimekufa siku moja. Vihisi vingi hulishwa umeme wa volti 5 kutoka kwenye kompyuta, na baadhi hushirikiana waya. Waya huo ukigusa bodi (chuma cha gari) hata kwa sekunde moja, vyote huanguka pamoja.

Soketi zilizoingiwa na maji utazijua kwa ukungu wa kijani kwenye pini. Chomoa, kausha kwa hewa, safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, tazama kama mpira wa kuzuia maji bado upo, na paka grisi maalumu kabla ya kurudisha. Anayeosha gari asielekeze mpira wenye kasi kwenye injini. Waya uliokatika uunganishwe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaojibana kwa joto. Kuzungusha waya mbili na kuzifunga kwa utepe ni kumwandalia mwenye gari taa ya mwezi ujao.

Pikapu nyingi zinazouzwa hapa Goma zilianzia kwenye mashirika ya misaada, na zilifungwa redio za masafa marefu ambazo baadaye ziling'olewa. Waya zake mara nyingi huachwa zikining'inia chini ya dashibodi, nyingine zikiwa bado na umeme. Zitafute na uziondoe mpaka mwisho.

Injini inazimika ikiwa na moto, kisha inawaka ikipoa

Hapa nashuku kihisi cha mzunguko wa kombo, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na msimbo wake ni P0335. Uthibitisho ni rahisi: injini ikiwa imegoma, piga stata ukitazama mizunguko kwenye skana. Stata ikizungusha injini huku skana ikisoma sifuri, kompyuta haioni mzunguko na haitafungua nozeli. Kabla ya kununua kihisi kipya kichomoe ukitazame, kwa sababu chembe za chuma zilizonasa kwenye sumaku yake zinaweza kuleta tatizo hilohilo, na waya wake uko karibu na joto.

Moshi mweusi, au turbo kutosukuma

Misimbo ya kawaida ni P0299 kwa hewa pungufu na P0234 kwa hewa iliyozidi. Tazama mipira mikubwa kati ya turbo, kipoza hewa na injini; ufa ambao umefungika gari likiwa limesimama hufunguka chini ya shinikizo, na alama yake ni mafuta yaliyotapakaa nje ya mpira. Kwenye turbo zinazoongozwa kwa mvuto wa hewa, angalia mipira midogo myembamba, kwa kuwa joto huikausha na kuipasua kwenye ncha. Filta ya hewa huziba upesi kwa vumbi jeusi la hapa. Kihisi cha kiasi cha hewa kisafishwe kwa dawa yake, bila kukigusa kwa kidole wala kukipuliza kwa kompresa. Vali ya kurudisha moshi hujaa masizi kwenye magari yanayozunguka polepole mjini, nyuma ya chukudu (vigari vya mbao vya kusukuma mizigo) na pikipiki, yasipate safari ndefu. Ikiganda wazi, gari hutoa moshi na kukosa nguvu, ikiachia, taa hupotea.

Kipimo kimoja kimewapotosha mafundi waliojifunza kazi pwani. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, kihisi cha shinikizo la hewa kinapaswa kusoma shinikizo la mahali ulipo. Mombasa utasoma karibu kilopaskali 101. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa Goma namba sahihi ni kama 85, na ukipanda milima ya Masisi itashuka zaidi. Kihisi kinachosoma 85 Goma ni kizima. Kinachosoma 101 ndicho cha kushukiwa.

Taa kadhaa zinawaka kwa pamoja

Taa ya injini ikiandamana na ile ya breki na ya betri, pima umeme kwanza. Betri iliyopumzika iwe na takriban volti 12.6, na injini ikifanya kazi upate kati ya 13.8 na 14.5. Kisha weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa injini, taa kubwa zikiwa zimewashwa: ukipata zaidi ya volti 0.2, waya wa bodi umelegea au umeota kutu. Kuusugua na kuukaza huchukua robo saa.

Taa inayowaka asubuhi za baridi tu, injini ikichelewa kushika, huelekea kwenye plagi za joto au rilei yake. Kwa pikapu zilizotoka Ulaya zikiwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi, safari fupi za mjini hulijaza, na kwa kawaida mwendo mrefu bila kusimama hulisaidia kujichoma.

Lini usiendelee na safari

Simama mara moja kama taa ya injini imeambatana na ile ya oili, au na sindano ya joto kupanda, au na mlio mkali wa kugonga kama nyundo, au na harufu nzito ya mazutu. Chomoa pia kijiti cha oili: kiwango kikiwa kimepanda na oili inanuka mazutu, huenda nozeli zinavuja ndani ya injini, na kila kilomita unayoongeza inakula beringi.

Baada ya matengenezo

Gari lisirudishwe kwa mwenyewe kwa sababu tu taa imezimika. Lirudishwe kwenye hali iliyoandikwa katika daftari. Pikapu ya yule Papa tuliipakia mifuko ya unga, tukapita Sake, na mimi nikiwa nimeshika skana pembeni yake tukapanda Mushaki kwa gia ya pili. Shinikizo lililoagizwa na lililopatikana vilikwenda pamoja mpaka juu. Tukafanya hivyo tena baada ya siku mbili, tangi likiwa limebaki robo, kwa kuwa ndipo uchafu wa chini husogea zaidi. Hakukuwa na msimbo uliokuwa unasubiri. Hapo ndipo nilipofuta ule wa zamani.